Maua ya Kitulo hayangoji kiangazi
Na Tumaini Sanga

Mvua zinaposhika Nyanda za Juu Kusini, wengi katika biashara ya utalii huona msimu umekwisha. Wageni wamekuja kati ya Juni na Oktoba, wamewaona wanyama wakikusanyika kwenye maji, wameondoka. Kalenda hiyo inaifaa Ruaha. Kwa Kitulo ni sawa na kufunga duka siku ya gulio.

Kwa asiyeifahamu, Kitulo ni uwanda wa majani ulioinuka kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, sehemu kubwa ikiwa wilayani Makete. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kule Amani, Usambara, Wajerumani walianzisha bustani yao mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pembe nyingi za dunia, nami naipenda sana bustani ile. Kitulo hakuna aliyeipanda. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu.

Julai uwanda huo umepauka na usiku kuna jalidi. Mvua zinaanza Novemba, na kuanzia Desemba hadi Machi majani yote yanageuka rangi: manjano, zambarau, nyeupe, na vichwa vya rangi ya moto vya nifofia vikisimama juu ya mengine. Zimehesabiwa aina za mimea zipatazo 350, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Nawasihi wanaokwenda wasitosheke kutazama dirishani. Shuka, chuchumaa, tafuta okidi ya jamii ya satiriamu, ambayo bua lake moja hubeba vijiua vingi vilivyopangana. Liangalie ua moja kwa nyuma. Utaona vijimirija viwili vyembamba vinavyoning'inia. Nekta imo humo ndani, na mdudu mwenye ulimi mfupi haambulii kitu.

Chini ya bua hilo kuna jambo zito zaidi. Okidi hizi huwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kwa sababu ndicho kilicholisha ua unaloliona leo. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ni akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji wa chikanda hukitaka hicho cha pili. Hukausha viazi, huvitwanga, na unga wake hupikwa pamoja na karanga, pilipili na magadi mpaka ushikamane, kisha hukatwa vipande: hiyo ndiyo chikanda. Zambia ni chakula kinachopendwa sana, na okidi za huko zilipopungua wanunuzi walivuka mpaka. Watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia vilifikia mamilioni kwa mwaka.

Simlaumu mama wa kijijini anayechimba ili alipe ada. Mvua hizo hizo zinazochanusha maua ndizo zinazomkuta ghala limepungua, na mahindi shambani bado mabichi. Ila tusijidanganye kwamba okidi itaota tu kama mihogo. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina chakula ndani yake. Haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina yake katika udongo. Ukichimba kilima kizima, huna cha kusia.

Ndiyo maana nasema kalenda ya utalii ni suala la mkate. Mgeni akija Februari, kijana wa Matamba anayejua okidi gani imechanua bonde gani atalipwa kwa kuonyesha ua lile lile ambalo leo linalipa kwa kung'olewa tu. Kinachohitajika hakitishi: barabara inayopitika Januari, waongozaji waliofundishwa mimea na majina yake ya Kikinga, Kiwanji na Kisafwa, na tangazo la kila wiki la kinachochanua, likabandikwa langoni na kutumwa kwenye simu. Na vyuo vyetu vya kilimo vichukue kazi ya kuotesha chikanda shambani, hata kama itachukua miaka, maana walaji hawataacha kula.

Sisi wenyewe tuanze kwenda. Kutoka Mbeya unashika barabara ya Tukuyu, unakata kushoto Isyonje na kupanda kupitia Kikondo. Ukitokea Dar, unaingilia Chimala na kupanda kona 57 hadi Matamba. Hiyo naipenda zaidi, ingawa mvua ikinyesha usiku subiri kwanza barabara ikauke. Beba sweta, koti la mvua na viatu visivyoogopa tope. Fika asubuhi, kabla ukungu wa mchana haujafunika, na mwombe mwongozaji akuonyeshe pa kukanyaga.