Visingizio vya Usukani

Kaa na madereva wa malori pale Makambako au Mtito Andei wakati wa supu, kisha wachokoze kuhusu usingizi. Utajibiwa na wanaume waliochoka, kila mmoja akieleza kwa nini yeye hahitaji kulala.

“Nina miaka ishirini barabarani, usingizi ukija naujua.” Huujui. Unaoua mara nyingi si ule wa kukoroma. Ni wa sekunde chache tu: ubongo unazima huku macho pengine yako wazi. Gari likiwa kwenye spidi 80, ambayo ndiyo kikomo cha lori, linakata mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, na usukani hauna mtu. Dereva mwenyewe hujishtukia tairi zikipiga changarawe pembeni, au akigundua kwamba kijiji fulani amekipita na hakumbuki kukiona. Tena uzoefu una hila yake: mikono imezoea kazi kiasi kwamba gari huendelea kwenda sawa kwa muda mwenyewe akiwa hayupo. Watu huogopa mlima wa Kitonga, lakini kona zile na mteremko ule humtoa dereva usingizi. Kinachombembeleza ni lami iliyonyooka, kama ya Voi kwenda Mtito Andei, isiyomdai chochote.

“Nafungua dirisha, naongeza muziki.” Hiyo inakupa dakika chache. Zitumie kutafuta pa kuegesha.

“Nitakunywa kahawa.” Hapa kuna ukweli kidogo. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na wewe umeinywa sasa hivi ukaingia barabarani papo hapo. Inywe, kisha egesha ulale dakika ishirini. Utaamka na vyote viwili. Mirungi ni habari nyingine. Ukiitafuna unakesha kweli, lakini deni linabaki palepale, na stimu zikikata unaporomoka, pengine katikati ya pori la Mikumi.

“Usiku barabara ni nyeupe.” Nyeupe kwa kukosa magari, ndiyo. Ila kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili unadai kitanda hata kama mchana ulipumzika. Tanzania iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku, Oktoba 2023, abiria walipata nafuu ya kweli, nami nimo. Saa ya mwilini haikubadilishiwa ratiba.

“Basi lina madereva wawili.” Vizuri, sheria inataka hivyo safari ikizidi muda wa saa nane. Sasa mwangalie huyo wa pili: yuko kiti cha mbele, shingo imeanguka, filamu inapiga kelele juu ya kichwa chake, konda anagombana na abiria wa mizigo. Hapo ndipo “amelala”. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi stendi anafika hapo saa tatu usiku. Kitufe cha kumtambua dereva cha LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini ya Tanzania, kinaonyesha nani kashika usukani, hakionyeshi kalala wapi.

Linabaki moja ambalo sina ubavu wa kulipinga lote: “Bosi anataka mzigo.” Dereva anayelipwa kwa tripu hukaa foleni ya mpaka wa Tunduma akisogeza lori hatua kwa hatua, usiku analinda tenki lisinyonywe mafuta, kisha akivuka anaulizwa kwa nini amechelewa. Huyo ukimhubiria kulala unamwonea. Wa kujibu ni mwenye gari: posho ya safari iwe na ada ya kulaza lori kwenye yadi yenye mlinzi, na siku za foleni zisihesabiwe kwenye muda wa kufikisha mzigo.