Ketamini isiishie chumba cha upasuaji

Mhariri,

Sisi wa dawa za usingizi huku wilayani tunaijua ketamini: umeme ukikatika upasuaji unaendelea, mgonjwa anapumua mwenyewe. Lakini tangu watafiti wa Yale, Marekani, walipochapisha matokeo yao mwaka 2000, imeonekana kuwa nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 40, yaweza kumpa nafuu ya haraka hata mwenye sonona iliyogoma kusikia vidonge. Nafuu hufifia baada ya siku kadhaa, na presha hupanda. Kwa hiyo mgonjwa asiachwe peke yake kitandani.

Dawa imo kabatini tayari. Naiomba Wizara ya Afya iyafikishe matibabu haya mikoani, chini ya madaktari wa akili. Wagonjwa hawa wameambiwa wavumilie vya kutosha.

Muuguzi wa usingizi,
Iringa