Anayetangaza mechi analipwa na nani?

Kwa miaka mingi, tangu 1967, Marv Albert alikuwa sauti ya New York Knicks. Mwaka wa 2004 televisheni ya MSG haikumpa tena kontra. Magazeti ya Marekani yalieleza sababu: alisema wazi hewani kwamba ekipe inacheza vibaya, na James Dolan, patroni wa ekipe na wa televisheni pia, hakupenda.

Je, Albert alisema uongo? Msimu ule, pamoja na Dikembe Mutombo wetu, Knicks walishinda mechi 39, wakapoteza 43, kisha New Jersey Nets wakawatoa 4-0. Kila mtu alikuwa anaona.

Kule Boston, Tommy Heinsohn, mchezaji na kocha wa zamani wa Celtics, alitangaza mechi zao akigombeza waamuzi bila haya. Watu walimpenda sana. Sawa, upande wake ulijulikana.

Shida iko pale mtangazaji anapojifanya hana upande, kumbe patroni amemfunga mdomo. Mwenye redio tu, asiyeona kiwanja, atajuaje?

Albert hakukaa bure. Mwaka wa 2005 alianza kutangaza mechi za Nets, walewale waliowatoa Knicks.