Hiyo Tundra Itakufikisha Wapi?

Rafiki yangu ana video moja anayoitazama kila usiku kabla hajalala, jinsi watu wengine wanavyosoma zaburi. Pikapu ya Toyota Tundra, rangi ya mchanga, inapanda mwamba mwekundu huko Utah. Juu ina hema, nyuma ina friji, ubavuni inaning'inia koleo ambayo haijawahi kugusa udongo. Mwenye gari anachemsha kahawa jua likizama. Hakuna mtu mwingine popote. Rafiki yangu ananisukumia simu: "Buda, hii ndio maisha." Na tangu mwaka jana haishii kutazama. Ameongea na wakala wa magari, amepiga hesabu ya pesa zake za chama, na wiki mbili zilizopita aliniuliza kama naweza kumdhamini achukue mkopo wa sacco.

Ndiyo maana naandika haya. Angekuwa anaota tu ningemwacha alale.

Wacha nianze kwa haki. Tundra iliyofanyiwa mageuzi makubwa kwa mwaka wa modeli wa 2022 si gari la kudharau. Iliyokuwepo kabla yake ilikuwa imekaa sokoni tangu 2007 ikibadilishwa sura tu. Safari hii Toyota waliitoa ile injini ya V8 ya lita 5.7, wakaweka V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili, na kwa mwenye kutaka zaidi kuna ya haibridi yenye nguvu za farasi 437. Fremu yake ni ya ukoo mmoja na ya Land Cruiser 300. Nyuma waliondoa springi za bapa, zile za vyuma vilivyolaliana, wakaweka za koili, na walioiendesha wanasema sasa inatembea kama gari la watu, si la kokoto. Inavuta hadi kilo 5,400 hivi. Inatengenezwa San Antonio, Texas, na kwa familia ya Texas yenye trela, barabara pana na gereji ya Toyota katika kila mji, sina neno. Ningekuwa wa huko pengine ningeinunua.

Tatizo linaanza ukiacha kuuliza gari linavuta nini, ukauliza linabeba nini. Hizo ni hesabu mbili, na watu wa video wanapenda kuzichanganya. Kuvuta ni trela, na trela ina magurudumu yake. Safari ya porini unabeba mgongoni. Kwa takwimu za Toyota wenyewe Tundra inabeba kilo 880 hivi, na hilo ni toleo jepesi kabisa, lisilo na madoido. Lile la video, la haibridi lenye mavazi ya jangwani, linabeba pungufu, kwa sababu mota na betri na kila kitu cha anasa kina uzito wake, na vyote vimeshakula sehemu yao kabla hujafungua mlango.

Sasa tupakie, mimi na wewe. Watu wazima wanne na mabegi yao, kilo 340. Hema la juu, 65. Fremu ya kulibeba, 60. Bampa ya chuma na winchi, 100. Maji lita 80, maana Chalbi haina kioski. Mitungi miwili ya petroli, 35. Friji ikiwa na chakula, 45. Gurudumu la pili la spea, 35. Jeki, spana, kamba na mbao za kujinasua mchangani, 50. Tumefika 810, na bado hatujapakia viti, mkaa, sufuria, wala yule binamu ambaye lazima aje. Toleo jepesi limebakisha kilo 70. La video limeshazidiwa, na hata hatujafika Isiolo.

Linganisha na Land Cruiser 79 ya kichwa kimoja, hii yetu ya polisi na ya mashirika ya misaada. Ina injini ya dizeli ya lita 4.2, haina turbo hata moja, nguvu zake ni za farasi kama 130, na inabeba zaidi ya tani. Ni gari baya kukaa ndani. Mlima ukianza unaweza kuhesabu mawe ya kando ya barabara. Inanguruma, inakunywa, na bei yake mpya ni matusi. Siipigii debe. Nasema tu kwamba kati ya magari hayo mawili, lenye theluthi ya nguvu ndilo linaloweza kubeba mzigo wa safari, na hakuna aliyewahi kulitengenezea video ya machweo.

Halafu kuna swali ambalo kwangu ndilo kubwa: likifa, nani atalifufua?

Mwaka mmoja tulikodi pikapu ya kisasa kwenda North Horr. Haikuwa Tundra, na kampuni siitaji. Tulipita Marsabit, tukapita Maikona, na ndani ya Chalbi taa ya injini ikawaka. Gari likakataa kuzidi kilomita 20 kwa saa, kisha likakataa kabisa. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichovuja. Kompyuta ilikuwa imeamua. Tulifungua boneti tukasimama kuitazama kama watu waliofiwa, kwa sababu chini ya ile boneti kulikuwa na kifuniko kikubwa cha plastiki, na chini ya plastiki hakukuwa na kitu ambacho mmoja wetu angethubutu kugusa. Simu haikuwa na netiweki. Usiku wa kwanza ulikuwa mzuri, nakiri, nyota zilikuwa nyingi hadi zikatuchosha. Usiku wa pili tulianza kupimiana maji kwa kifuniko cha chupa.

Siku ya tatu asubuhi ilitokea Land Cruiser nyeupe iliyochakaa. Nyuma watu kumi na mmoja, mbuzi watano, magunia ya unga, godoro moja na mama mwenye mtoto mchanga. Dereva alikuwa mzee wa Kigabra. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza kwanza kama tuna maji, akatupa, ndipo akalitazama gari.

"Mzee, unaweza kulitengeneza?" nikamuuliza.

"Hapana, kijana wangu. Hili linaugua kichwa. Langu huugua miguu tu."

Akatoa kamba, akatuvuta hadi Kalacha, abiria wake wote wakingoja bila kununa kwa saa zote zile. Fundi wa Kalacha ana mkono wa ajabu na spana zote unazoweza kutaja, lakini hakuwa na kompyuta ya kuongea na kompyuta yetu. Tulimngoja mtu wa laptopu kutoka Nairobi siku mbili zaidi. Ilikuwa sensa moja, imejaa vumbi. Bili sitaitaja kwa sababu mamangu husoma gazeti hili.

Sasa rudi kwenye Tundra ukiwa na hilo akilini. Turbo mbili. Gia kumi za otomatiki. Kwenye haibridi, mota ya umeme iko katikati ya injini na giaboksi, na betri iko chini ya kiti cha nyuma. Sanduku la mzigo si bati tena, ni plastiki yenye nyuzi za kioo iliyoimarishwa kwa alumini. Kweli, halishiki kutu wala halibonyei ovyo, lakini likipasuka, welda wa Laisamis atalitazama jinsi daktari wa meno anavyotazama kuku. Na injini ni ya petroli tu. Ukishaacha lami kule kaskazini, dizeli ndiyo utakayoipata kwa urahisi, kwa sababu malori na jenereta zinainywa. Petroli ni ya pikipiki, unauziwa kwa chupa, na sijui nani alikojoa ndani.

Na usiniambie Toyota haiharibiki. Mei 2024 kampuni yenyewe iliyaita magari kama 102,000 huko Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya vyuma kutoka kiwandani yangeweza kubaki ndani ya injini na kuifanya izime ukiwa barabarani. Dawa iliyotolewa ilikuwa kubadilisha injini nzima, bure. Hongera kwa watu wa Texas. Nani ataibeba injini hiyo hadi Kalacha, na kwa bure ya nani?

Lakini naona hata ningeshinda hesabu zote hizi rafiki yangu hangebadili nia, kwa sababu kinachomshika si gari. Ni lile neno: hakuna mtu mwingine popote.

Ovalandi, jinsi wenyewe wanavyoiita, ni neno lililoanza Australia, na halikuwa la likizo. Waliitwa hivyo watu walioswaga ng'ombe mamia ya kilomita nchi kavu hadi sokoni. Njia yao maarufu, Canning Stock Route, ina urefu wa kilomita 1,850 hivi, na leo ni hija ya wenye magari ya kupanda milima. Ilifuata visima, na ili kupata maji msafara wa Alfred Canning uliwakamata wenyeji na kuwafunga minyororo waonyeshe yalipo. Hilo lilichunguzwa na tume mwaka 1908, si uvumi wangu. Kwa hiyo hata ile nchi "tupu" ilikuwa na wenyewe. Utah nayo ina Wanavajo na Waute. Kamera ndiyo inayogeuzwa upande mwingine.

Na sisi tumeanza kuigeuza. Tazama picha za wasee wa Nairobi wakirudi Turkana: gari, hema, gari, machweo, gari, mtoto mmoja akipunga mkono. Watu wanaoswaga mifugo kutoka Marsabit hadi soko la Isiolo, kazi ileile iliyozaa neno ovalandi, wanatokea kama mapambo, ama hawatokei. Yule mzee aliyetuvuta hupita Chalbi kila wiki akiwa na mbuzi na kina mama na unga. Hakuna anayemwita msafiri. Sisi tuliokwama kwa vumbi ndio tuliorudi mjini tukaandika kuhusu "safari".

Sisemi kubanana nyuma ya pikapu na mbuzi ni ushujaa. Ni hatari, watu huanguka na kufa, na yule mama alistahili kiti na mkanda. Nasema tu kwamba ukienda kule kama mtu anayejaribu gari, utaona gari.

Mengine ni ya karani. Tundra inatoka kiwandani na usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto ila kwa kazi maalum kama ambulensi. Australia wanazigeuza kwa njia rasmi, na mwishoni mwa 2024 moja ilianza kuuzwa huko kwa karibu dola 156,000 za kwao. Hiyo ni kama milioni 13 zetu kabla KRA hawajanawa mikono. Ina urefu wa karibu mita 6 na upana wa mita 2, kwa hiyo maegesho ya pale kwake Roysambu itabidi apangishe mawili.

Kwa hivyo buda, jibu langu ni hapana, sitaweka sahihi. Basi la Marsabit linaondoka Eastleigh jioni, asubuhi umefika, lami mwanzo hadi mwisho. Pale stejini utapata Land Cruiser ya kwenda North Horr, ingawa itabidi ungoje ijae. Beba maji, beba shuka, ukae karibu na kichwa cha gari kwa sababu nyuma kabisa vumbi litakuua. Mimi nitakulipia nauli ya kwenda na kurudi.

Nilimtumia haya yote jana usiku. Alikaa muda, naona anaandika, anafuta, anaandika tena. Mwishowe ikaingia moja tu:

"Sawa. Na hema?"