NYUMBA NA JAMAA: Kupunguza picha za kale si kuzitupa

Juma hili najibu swali la mama mmoja, mke wa askari, ambaye sasa makazi yake ni hapa Gisenyi. Aeleza kwamba mumewe amehamishwa mara nne, na kila safari sanduku la bati lililojaa picha za jamaa hupakiwa garini pamoja na magodoro na masufuria. Picha nyingine ni zao, nyingine ni za wazazi wa mume, na nyingine hawajui ni za nani. Nyumba wanayokaa ina vyumba viwili tu. Auliza: "Je, ni utovu wa adabu kuzipunguza?"

Si utovu wa adabu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini picha iliyosahauliwa sandukuni huoza. Hewa ya kando ya ziwa Kivu ina unyevu. Karatasi hushikamana, ukungu huota, na picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hugeuka nyekundu hata nyuso zikafifia. Zile nyeusi na nyeupe hustahimili zaidi, ila nazo zataka mahali pakavu.

Tena sisi wakazi wa Rubavu twajua jinsi mtu anavyoweza kulazimika kutoka nyumbani ghafula. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Goma wakija kwetu na kile walichoweza kubeba mkononi, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi za upande wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika mkoa wetu wa Magharibi na mikoa mingine. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kukimbia na sanduku la bati. Bahasha moja aweza. Kwa hiyo kupunguza picha ni njia mojawapo ya kuziokoa.

Hata hivyo, kabla hujawasha moto, sikiliza yaliyonipata mimi. Miaka michache iliyopita nilikaa na mama yangu kulipunguza sanduku lake. Nilikuwa na haraka, nikatenga fungu kubwa la watu nisiowajua nikakusudia kulichoma. Mama akachomoa picha moja ya arusi ya shangazi yangu, ya mwaka 1986. Nilikuwa nimeitupa kwa sababu mwavuli ulimficha bibi arusi uso. Pembeni alisimama kijana mmoja aliyebeba kreti ya soda, akicheka.

"Mwanangu," mama akasema, "huyu ni baba yake yule binti anayetuuzia sambaza sokoni."

Kijana yule aliuawa mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Binti yake alikuwa bado ananyonya. Nyumba yao ilichomwa pamoja na vyote vilivyokuwamo, na tangu azaliwe hakuwahi kuujua uso wa baba yake. Tukampelekea picha. Akafuta mikono kwa kitenge chake, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mama yangu neno moja tu: "Alikuwa mrefu hivi?" Mama akamjibu: "Alikuwa akiinama kila alipoingia mlangoni petu."

Katika Ukumbusho wa Gisozi, Kigali, uliofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambamo jamaa wametundika picha za wapendwa wao. Lakini wako wengi wasiokuwa na picha ya kutundika. Huenda picha hiyo imo katika sanduku la jirani asiyejua thamani yake. Ndiyo maana nasema kwamba katika nchi yetu picha ya mtu usiyemjua ndiyo ya mwisho kuchomwa.

Basi, mama, fuata utaratibu huu.

Kwanza, andika majina. Mali bila daftari hupotea bila habari. Keti na mzee aliye hai, mwoneshe picha moja moja, na nyuma ya kila moja uandike jina, mahali na mwaka. Tumia penseli laini na usikandamize, kwa kuwa kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele.

Pili, gawa mafungu matatu: zenu, za wengine, na zisizo na haja. Zisizo na haja ni zile zilizojirudia, zilizopigwa vibaya hata uso hauonekani, na keki moja iliyopigwa mara sita. Hizo zitupe bila majuto.

Tatu, picha za wengine zipelekwe kwa wenyewe. Ukisitasita, jiulize: mtu huyu ana picha nyingine mahali popote? Kwa wazee wengi wa vijijini picha pekee ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho.

Nne, zipige kwa simu ya mkononi zile unazobakiza, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, na uwatumie ndugu walio mbali. Lakini usiitupe picha yenyewe kwa kutumaini simu, maana simu huibwa na huharibika.

Tano, zihifadhi katika bahasha za karatasi, juu katika kabati, mbali na sakafu na ukuta unaopigwa na mvua. Albamu zenye kurasa za gundi huziharibu. Zikilowa na kushikamana, usizibandue kwa nguvu. Zitie katika maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha zianike kivulini juu ya kitambaa, uso ukielekea juu.

Kwa askari na polisi nina neno la ziada. Picha za kambini, zenye silaha, magari au nyuso za wenzenu, zisisambazwe katika intaneti kwa sababu tu sanduku limefunguliwa. Na ukiwa na picha ya mwenzako aliyefariki kazini, mjane wake na watoto wake wanastahili nakala.

Mwisho, liko jambo zito. Katika picha ya arusi ya miaka ile aghalabu aliyeuawa na aliyeua wamesimama safu moja. Nimeona picha zilizokatwa kwa mkasi, na hasira ile naielewa. Lakini mkasi humdhuru pia yule aliyesimama kando. Usiitundike ukutani, wala usiikate. Itie katika bahasha iliyofungwa, uandike majina ya wote, na uwaulize jamaa wa marehemu wanataka nini. Hifadhi ya nyaraka ya Gisozi nayo hutunza picha na shuhuda za miaka ile.

Mama, waweza kuanza na picha mia nne ukabaki na sitini, na nyumba yako ikapata nafasi. Ila usianze peke yako. Kama mama mkwe wako yu hai, mpelekee sanduku, au mkaribishe kwako siku mbili tatu. Fungu la watu msiowajua lianze kwake, kabla ya mengine yote.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kutunza vyeti vya shule na hati za ardhi.