Mbio ndefu Pwani: Jua la kaskazi halina bingwa

Machi 24, 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa Mbio za Nyika za Dunia. Uwanja ulikuwa ule wa gofu ulio kando ya bahari, si mbali na kivuko cha Likoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume mara 5 mfululizo. Katika mzunguko wa mwisho, akiwa mbele, joto likamshinda akaacha mbio. Taji la kilomita 12 likachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Wanariadha wengine kadhaa pia hawakumaliza.

Sisi Wapwani tunalikumbuka tukio hilo kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini funzo lake hatujalishika vyema.

Tatizo la Pwani si jua peke yake. Mwili wa mkimbiaji hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Mwezi wa Machi, kaskazi inapofifia na kusi bado haijaanza, hewa hujaa unyevu. Jasho hutiririka tu bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Ndiyo sababu mtu anaweza kuzidiwa hata siku ya mawingu.

Wenzetu wa kwingineko wamelazimika kubadili ratiba. Katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa 6 usiku ili kukwepa jua. Hata hivyo, wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda, tena kwa kukimbia kwa hesabu, si kwa pupa. Kwa Olimpiki ya Tokyo, marathoni ilihamishiwa Sapporo, kaskazini mwa Japani, kutafuta baridi. Huko nako joto lilipopanda, mbio za wanawake zikasogezwa mbele kwa saa nzima, zikaanza saa 12 asubuhi badala ya saa 1.

Ikiwa mashindano makubwa kiasi hicho hupangwa upya kwa sababu ya hali ya hewa, kwa nini mbio zetu za hisani na za kaunti zisubiri hadi jua liwake? Mara ngapi tumeona watu wamejipanga tangu alfajiri, kisha wakasimamishwa saa nzima kumngoja mgeni rasmi? Mgeni huyo huketi kivulini na chupa ya maji, ilhali vijana ndio wanaoenda kukimbia juani.

Jambo la pili ni haki ya watoto wetu. Mkimbiaji anayetoka Mombasa kwenda Iten habadilishi mji tu, anabadilisha hewa. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko ina oksijeni pungufu kwa karibu robo. Ukimpeleka mtoto wa Kilifi au Kwale kushindana bara, akafika usiku na kukimbia asubuhi, akaachwa nyuma, usiseme Wapwani hawajui mbio. Mtoto huyo hakupewa nafasi ya kuizoea hewa. Vivyo hivyo, wa bara akiletwa huku bila kuzoea joto, ataumia. Mwili huhitaji takriban wiki 2 za mazoezi ya kiasi ili kuzoea joto, na kuzoea milima huhitaji muda zaidi.

Kwa hivyo kaunti zetu, shule na waandaaji wa mbio wana mambo ya kufanya, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Mbio ndefu ziwekwe wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, si Februari na Machi. Zianze saa 12 asubuhi kamili, mgeni rasmi awe amefika au hajafika. Maji yapatikane njia nzima, si kwenye mstari wa mwisho pekee. Timu zinazokwenda bara zitengewe siku za kutosha kabla ya kushindana.

Zaidi ya yote, kuwe na barafu na watu wanaojua kuitumia. Mkimbiaji akianza kupepesuka, kuropoka au kutojibu akiitwa, huyo amezidiwa na joto na maisha yake yamo hatarini. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji baridi na kuwekewa barafu papo hapo. Apozwe kwanza ndipo asafirishwe hospitalini, kwa kuwa dakika zinazopotea njiani ndizo zinazoua.

Vipaji Pwani vipo. Bekele, pamoja na mataji yake yote, hakuweza kulishinda joto la Mombasa. Kijana wa Likoni anayekimbia saa 4 asubuhi bila maji atalishinda vipi?