Usiseme "Ni Kweli" kwa Haraka ya Kurudi Nyumbani

Jumatatu asubuhi ndiyo siku nzito katika mahakama za mahakimu hapa Kenya. Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wikendi anangoja siku ya kwanza ya kazi. Basi aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda amelala seli usiku mara tatu. Anapanda kizimbani bila kuoga, simu yake iko kwa polisi, watu wa nyumbani hawajui aliko. Karani anamsomea shtaka, kisha anamuuliza swali fupi: ni kweli au si kweli?

Wengi hujibu "ni kweli". Dereva wa matatu anawaza kwamba mwenye gari atampa mtu mwingine funguo kabla jua halijatua. Kijana wa bodaboda ameambiwa na wenzake seli kwamba ukikubali unapigwa faini na kwenda zako. Mama aliyekamatwa akiuza bidhaa kando ya barabara ameacha mtoto mchanga kwa jirani. Hawa si waongo. Wamechoka, wanaogopa, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza jibu hilo linabeba nini.

Ndugu msomaji, linabeba mengi. Ukikiri kosa ukahukumiwa, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inakufungia njia ya rufaa: hubakiwi na la kulalamikia ila ukali wa adhabu au uhalali wake. Hatia hiyo yaweza kuingia kwenye rekodi pamoja na alama zako za vidole, halafu ikakutokea miaka kadhaa baadaye unapoomba cheti cha tabia njema ili upate kazi ya ulinzi, ya udereva wa shirika au ya ng'ambo. Uliyoyatamka kwa sekunde moja ili uwahi nyumbani, utayaeleza kwa waajiri kwa miaka.

Simaanishi udanganye. Aliyekosa na akakubali anastahili heshima, na mahakimu huzingatia majuto ya kweli wanapopima adhabu. Ninachokuomba ni hiki: ulielewe shtaka kabla ya kulijibu. Ni haki yako. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa mpaka leo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Akikubali, upande wa mashtaka ueleze jinsi kosa lilivyotendeka, naye aulizwe kama maelezo hayo ni sahihi. Akiyapinga, hakimu aandike kwamba amekana. Kwa hiyo ukisikia maelezo ambayo siyo yaliyotokea, sema hapo hapo. Hata ukiwa umeshakubali, unaweza kuomba kubadili jibu kabla adhabu haijatolewa. Na kama Kiswahili cha kortini kinakutatiza, omba mkalimani. Katiba inasema hutamlipa.

Watu wa barabarani hudhani kesi ya trafiki haina utetezi. Unao. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa mwendo kasi kwa sababu tu shahidi mmoja ameona, kwa maoni yake, kwamba gari lilikuwa mbio. Tena makosa ya barabarani hayalingani uzito. Kuna ya faini, na kuna kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, ambako kifungo kinaweza kufika miaka 10. Mtu anayekabili shtaka la namna hiyo asijibu neno kabla ya kuonana na wakili.

Najua swali linalofuata: wakili wa pesa ngapi? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na Katiba inampa mshtakiwa wakili wa kulipwa na serikali pale ambapo akikosa wakili ataonewa kwa kiasi kikubwa. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wanyonge tangu 1973. Lakini mikono hiyo haitoshi, na mawakili mnaosoma haya mnalifahamu hilo kuliko mimi. Toeni asubuhi moja kwa mwezi. Dakika 10 za wakili mlangoni pa seli, kabla hakimu hajaingia, zinaweza kubadili maisha ya mtu.

Sisi wengine tusio na digrii ya sheria tuna kazi yetu, nayo naiona kubwa zaidi. Jirani akikamatwa, tusinong'one kwamba lazima amefanya kitu. Katiba yenyewe inamhesabu hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Twende kituoni. Tuulize ameandikwa nambari gani ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na anashtakiwa kwa kosa gani. Kama kosa lake ni la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza asiwekwe rumande. Bondi ya polisi hailipiwi. Mkitoa dhamana ya pesa taslimu, daini risiti na muitunze, kwa kuwa kesi ikiisha na mshtakiwa akiwa amefika kortini kila alipotakiwa, pesa hizo hurudishwa. Wako vijana wanaokaa rumande miezi mingi kwa sababu tu hakuna aliyejitokeza na kitambulisho na hati ya kipande cha shamba akasema, huyu namjua, atarudi.

Kama unamfahamu mtu atakayepandishwa kizimbani wiki hii, usimwache aende peke yake. Mahakama ni ya wazi, kuingia ni bure, na kesi huanza saa tatu asubuhi. Tafadhali fika mapema, uzungumze naye kabla jina lake halijaitwa.